Nusu Itafika Geita

Ningeweza kukataa. Siku Masanja aliponiita nyuma ya bohari na kuniambia kwamba ile Pijo nyeupe nitaisemea mimi, nilipaswa kumrudishia funguo zake, nichukue shati langu lililoanikwa kwenye waya, niende zangu. Nilikuwa kijana, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na hakuna aliyenishikia panga. Nilijua vizuri kabisa ninachoombwa, maana gari lile nililiona likitengenezwa. Lakini nilisema, "Sawa, mzee," kisha nikaenda kunawa mikono nikanywe chai. Watu wakisimulia maamuzi yao mabaya husema walikosa usingizi, walizunguka, walipiga moyo konde. Mimi sikuzunguka popote. Nilikubali kama mtu anavyokubali kuongezewa ugali.

Nayakumbuka haya sasa kwa sababu mwezi uliopita Mama Zuhura alifariki Shinyanga. Zuhura mwenyewe, ambaye siku hizi ni bibi mwenye wajukuu, alinipigia simu hapa Segese. "Mtani," akasema, "mama ametutoka. Njoo. Bila wewe nani atatuchekesha?" Wao ni Wazaramo waliofuata reli wakaja bara, mimi ni Msukuma, na Wazaramo na Wasukuma ni watani. Kwa kijana asiyejua uzito wa jambo hilo: mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Anaweza kuingia kwenye kaburi lililochimbwa kwa ajili ya baba yako akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Neno lake halishikwi, na msiba bila yeye umepooza. Ni sheria nzuri, imezuia ugomvi mwingi. Mimi niliitumia vibaya, ingawa ni mara moja tu. Nilipanda basi la asubuhi, nikakaa dirishani, na kila bonde tulilovuka lilinirudisha kwenye mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Uganda. Waliokuwepo wanakumbuka: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, betri za redio zikianikwa juani ili ziimbe siku chache zaidi. Gari jipya lilikuwa kitu cha kusikia tu. Mtu mwenye uwezo, awe mkulima aliyevuna pamba vizuri au mchimbaji aliyebahatika kugonga mwamba wenye dhahabu, alinunua gari lililokwisha kuchosha mtu mwingine, na Shinyanga nzima magari ya namna hiyo yalipatikana uani kwa Masanja, kwenye njia ya kwenda kinu cha pamba. Masanja alikuwa mtu mnene, mpole, asiyepandisha sauti hata akidanganywa. Alinipa chumba, yaani stoo ya giaboksi, nikalala kati ya vyuma vilivyonuka oili nzito, na mpaka leo nikinusa oili ile nasikia usingizi. Mchana tulikula ugali na dagaa, Masanja, mimi na Fundi Luhende mchomeleaji, tumezunguka boneti ya Pijo 403 iliyowekwa juu ya mawe kama meza. Bati lake lilikuwa nene kiasi kwamba Luhende alipondea karanga juu yake na halikubonyea.

Masanja hakununua kila gari. Alinunua Pijo tu, za kila umri, kutoka kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao na maofisa waliokuwa wanahamishwa. Kazi yangu ilikuwa kuzisemea. Nilizisoma kama nilivyosoma historia shuleni, nikaona zinarithiana kama watu wa ukoo mmoja. Ile 403 ndiyo babu: ya mviringo, nzito, haina haraka na haina hila. Mkulima aliyetaka gari la kupeleka mgonjwa hospitali na kurudi nilimwambia inamfaa, ila ajue vipuri vyake vimekwisha madukani na kila kitakachovunjika atakichonga. 404 ndiyo baba: imenyooka kama imekatwa kwa rula, ina mapezi nyuma, injini imelala ubavu, gia iko kwenye usukani. Ile ilipita tope jeusi la mbuga zetu wakati magari mengine yakisubiri kiangazi. Ugonjwa wake ni kutu chini ya milango, kwa hiyo nilimwambia mteja asihangaike na rangi. Apige magoti, agonge kwa kidole, asikilize. Bati zima hulia, lililojazwa puti kuziba kutu husikika kama debe lenye unga. Na 504 ndiyo mtoto aliyesoma: taa zenye macho ya usingizi, breki za kweli, springi laini hata mashimo ya barabara ya Kahama ukayasikia kama habari za jirani. Ile fupi, ambayo kila gurudumu la nyuma linacheza peke yake, nilimpa mwalimu mkuu na mke wake. Anayetaka biashara nilimwelekeza kwenye ile ndefu ya viti vya safu tatu, yenye ekseli moja nzima nyuma, inayobeba bila kunung'unika. Jambo moja nililirudia kwa wote. Pijo haina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo mifupa. Kama imewahi kuvunjika mgongo, usiinunue hata ukipewa na mbuzi juu.

Nilisema kweli, na kwa sababu nilisema kweli watu walinisikiliza. Wazee wa umri wa baba yangu walikuwa wakisubiri nimalize kulala chini ya gari, nitoke, nipanguse mikono, ndipo waulize, "Mwalimu, unaonaje?" Kijana akiulizwa hivyo kila siku hulewa. Sikuwa na habari kwamba nimelewa.

Asubuhi nilikunywa chai kwa Shomari, baba yake Zuhura, mgahawani kwake karibu na stesheni ya reli. Nazi zake zilikuja na treni kutoka pwani, na katika mji ule ambao watu walikula maharage kwa chumvi peke yake, yeye aliyapika kwa tui. Alimimina chai kutoka juu sana, birika likiwa usawa wa kofia yake, na hakumwaga tone. Nilikuwa sijavuka mlango ananiwahi.

"Msukuma! Funga mlango, ng'ombe zako zisiingie."

"Zimekataa kuja. Zimesikia humu mnatia nazi mpaka kwenye maji ya kunawa."

"Bora nazi kuliko michembe. Mtu mzima unatafuna viazi vikavu kama unakula kuni!"

"Kuni hizo ndizo zinazotulimisha. Ninyi mkilima tuta moja mnalichezea ngoma wiki nzima."

"Shomari," Mama Zuhura angesema kutoka jikoni, "mwache mtoto wa watu anywe chai. Na wewe Petro usimjibu. Akishindwa hapa, anakuja kunimalizia mimi nyumbani."

Wateja walikuja kwa maharage na walibaki kwa ajili yetu. Lakini wakipungua, Shomari alikuwa akikaa mbele yangu, anageuza kikombe, anazungumza kwa sauti nyingine. Zamani, pwani, alikuwa dereva. Sasa kila treni ilishusha watu wanaouliza njia ya Bulyanhulu na Geita, kwenye dhahabu, na yeye anawauzia chai moja moja, kisha wanadandia malori ya watu wengine. Alitaka Pijo ndefu. Mgahawa utabaki kwa Mama Zuhura, yeye atarudi barabarani kabla magoti hayajakataa. "Ikipita nzuri, ninong'oneze," aliniambia. "Mimi sitazami gari, nakutazama wewe."

Ile nyeupe ilikuja ikiwa gari mbili. Moja ilikuwa 504 ndefu ya miaka ya mwanzo, iliyogongwa nyuma na lori mpaka viti vikakutana. Nyingine ni ndefu ya miaka ya karibuni iliyokuwa imevaa mti kwa mbele. Luhende aliikata kila moja katikati, chini ya nguzo za milango, akachukua uso wa ile ya kwanza na mgongo wa ile ya pili. Mimi ndiye niliyeshikilia nusu ya nyuma isiyumbe wakati anachomelea. Cheche ziliniunguza mkono, alama ninayo. Alipomaliza alisaga, akajaza puti, akapaka rangi, zulia akaligandisha kwa gundi lisifunuke. Ilipendeza. Luhende aliizunguka akiwa ameshika miwani yake ya kuchomelea.

"Hii ni ya mjini," alisema. "Ya kubebea maharusi. Isitiwe mzigo."

"Kwani bwana harusi ana uzito gani?" Masanja aliuliza, na tulicheka.

Siku aliponiita nyuma ya bohari, Masanja alikuwa amekwisha kusikia kwamba Shomari anatafuta. "Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, kwa Kisukuma, "huyu mtu wa pwani anakuamini wewe. Isemee ile nyeupe. Na ile 404 ya kijivu unayoilalia chini kila jioni, hii ikitoka, ile chukua." Ilikuwa 404 ndefu, mbovu, niliyoifufua mwenyewe, kiungo kwa kiungo, kwa vipuri vya maiti wenzake. Nilikuwa nimeisikia injini yake ikikubali kwa mara ya kwanza, nikakaa ndani yake gizani kama mtu aliye nyumbani kwake. Masanja alinijua. Hakuniahidi kitu ambacho sikukitaka.

Sikutaka kusema uongo. Hilo nililikazania, na nikapata njia ambayo niliiona ya akili. Shomari alikuja amevaa kanzu safi, na Mama Zuhura, na wazee wawili watatu wa kibaraza chake. Aliizunguka Pijo, akapiga gurudumu teke, akaketi kwenye usukani akajaribu gia. Masanja alisimama pembeni akichokonoa meno. "Haya Msukuma," Shomari alisema, "hebu sema." Ndipo nikapaza sauti ile ya mgahawani.

"Mzaramo, hapa umeletewa gari mbili! Zimeshonwa kiunoni kama suruali yako ya Idi. Jaza watu, uone: nusu itafika Geita, nusu itabaki Kahama!"

Walicheka wote. Mama Zuhura alishika mlango wa gari asianguke. Shomari alifuta machozi kwa mkono wa kanzu. "Basi hiyo nusu ya Kahama nakuachia wewe," alisema, "ufungie ng'ombe!" Masanja naye alicheka, lakini macho yake yalinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Na Shomari hakuuliza zaidi. Nimefikiri juu ya hilo miaka mingi. Kwake yeye, utani wangu ndio uliokuwa uthibitisho. Mtu hamtanii rafiki yake juu ya donda la kweli. Kama gari lingekuwa bovu, angetazamia nimvute pembeni nimwambie kwa sauti ndogo. Nilimwambia ukweli mahali pekee ambapo, kwa sheria yetu wenyewe, hakuruhusiwa kuuamini. Nami nilirudi chumbani kwangu nikajiambia: nimemwambia, asilaumu mtu. Jioni ile Masanja alinipa funguo za 404.

Kiangazi chote Shomari alifanya kazi. Alipakia watu stesheni, akapita Kahama na Segese, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Kila aliporudi alipita kwanza mbele ya ua wetu, anapiga honi, anatoa kichwa dirishani: "Msukuma! Nusu zote mbili zimefika!" Nilikuwa nainua mkono. Mwanzoni moyo wangu ulilegea kila niliposikia honi ile, kisha ukazoea, kisha nikaanza kuamini kwamba Luhende ni fundi kuliko alivyojijua. Zilikuwepo asubuhi nilizokaa mbele ya chai nikasema leo namwambia. Lakini angeuliza kwa nini sikusema siku ile, na nje ilikuwa imeegeshwa 404 ya kijivu. Ukimya una tabia ya deni la dukani: unaogopa kupita karibu, na kwa sababu hupiti, linakua.

Mvua zilipoanza, Jumapili moja asubuhi, dereva wa lori la pamba alisimama mgahawani na hakuagiza chai. Mbele ya Segese, kwenye korongo, Pijo ilishuka ikiwa imejaa wachimbaji na magunia yao, magurudumu ya mbele yakaanza kupanda ng'ambo, ya nyuma bado yako majini. "Imekatika kama mkate," alisema. Abiria waliumia lakini waliokolewa. Shomari alibanwa na usukani.

Magari yalikuwa machache na mafuta machache zaidi. Lililokuwa na mafuta ni langu. Nilikunja viti vya nyuma, tukaenda, mimi, Mama Zuhura aliyekataa kubaki, na kaka yake. Tulimkuta amelazwa kwenye baraza la duka, amefunikwa shuka la mtu mpaka usoni. Korongoni niliiona. Nusu ya nyuma ilikuwa majini imekaa vizuri, na ufa ulipita palepale mkono wangu ulipokuwa umeungua. Hakuna aliyeutazama ufa ila mimi. Watu walisema barabara mbaya, mzigo mwingi, mvua.

Tulipofika Kahama tukirudi, askari alitusimamisha, maana zama zile gari binafsi lilikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana.

"Leo Jumapili, saa imepita. Gari hili linatafuta nini?"

"Linampeleka mtu kwake," nilisema.

Alichungulia kioo cha nyuma, akavua kofia. "Piteni."

Tulikwenda mwendo mrefu. Nyuma kaka yake Mama Zuhura alikuwa akimsomea Kurani taratibu. Kisha Mama Zuhura, bila kugeuza uso kutoka barabarani, alisema, "Petro. Wewe ulimwambia."

Nilikwepa shimo la barabarani.

"Ulimwambia nusu itafika, nusu itabaki. Tulicheka sote. Nataka nijue jambo moja, mwanangu, nipate kulala. Ulikuwa unajua, au ulikuwa unatania?"

Nyuma kisomo kilisimama. Nilibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. "Nilikuwa natania, mama."

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi ni kazi ya Mungu." Akafungua pindo la kanga, akatoa vitumbua alivyovifunga asubuhi kwa ajili ya safari, akanipa kimoja, kwa sababu aliona sijala tangu asubuhi. Nilikila.

Tulimzika asubuhi yake. Watani hawaulizwi dini. Mimi Mkatoliki niliitwa mbele. Walinipa kofia yake na birika. Nilivaa, nikainua birika mpaka usawa wa kofia, nikamimina chai ya hewa kutoka juu, nikamwita Msukuma asiyekuwepo afunge mlango ng'ombe zisiingie. Kibaraza chote kililia na kucheka kwa pamoja, na Mama Zuhura alicheka mpaka akaketi chini. Waliniambia sijawahi kuchekesha namna ile. Ilikuwa mara ya mwisho.

Sikukaa sana kwa Masanja. Ile 404 nilimwachia Luhende, sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza. Nadhani yeye pia alikuwa na yake. Masanja alifia kitandani kwake, mzee, anaheshimika. Mimi nilikuja Segese nikauza misumari na majembe. Mgahawa ulifungwa, Mama Zuhura akawa anauza vitumbua pale stesheni, na kila Idi alimpata msafiri wa kuniletea sahani iliyofungwa kwa kitambaa, sehemu ya mtani. Niliwagawia watoto wa jirani.

Kwenye msiba wake, mwezi uliopita, walinisukuma mbele kama zamani. Nilisimama. Vijana walisubiri, simu zao zimeinuliwa. Sikupata neno, wakasema mtani amezeeka, wakanipa kiti. Baadaye mjukuu mmoja wa Zuhura aliketi karibu nami. Anataka kununua gari la mkononi, amesikia zamani nilijua. Aina aliyoipenda ina matoleo matatu, achukue lipi? Nilimwambia kwamba mara nyingi toleo la kwanza huwa gumu na la mwisho huwa laini, achague kwa njia atakayopita. Lakini kabla ya yote, nikamwambia, funua zulia. Likiwa limegandishwa kwa gundi, ling'oe. Muuzaji akikataa, ondoka.

"Babu," alisema, "mbona unasema kama hakimu? Bibi alisema wewe ndiye ulikuwa unaangusha watu kwa kicheko."

Zuhura, kama haya yatakufikia, jibu nililopaswa kumpa mama yako ndani ya gari ni hili: nilikuwa najua. Baba yako alikufa kwa gari ambalo mikono yangu ililishika likiungwa. Mama yako aliishi umri wake wote uliobaki akimwachia Mungu jambo lililokuwa langu. Na mimi, tangu siku ya kofia ile, sikumtania mtu tena, na watani walipochoka kutojibiwa, waliacha kunitania. Watoto wangu walikua wakinyamaza nikiingia ndani. Wanamjua baba mkali. Hawajui kwamba palikuwa na mtu aliyenisubiri mlangoni kila asubuhi anichokoze, na kwamba nilimuuza.